Kikombe Kilichofudikizwa

Daktari alimkataza Shaali kahawa, maana moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Basi kila alipopewa kikombe barazani, alikifudikiza, mdomo chini. Lakini mtaa ule, anayefudikiza kikombe kabla ya kukionja amesusa, na aliyesusa huendewa kwake kuombwa radhi.

Wakamwendea watatu wa barazani, na dele la kahawa mkononi.

“Sijasusa!” alifoka Shaali mlangoni. “Kwani mtu hawezi kuacha kahawa bila kugombana na mtu?”

“Unaona unavyofoka?” alisema Makame, mkubwa wao, kwa upole. “Hasira bado unazo.”

“Hasira mnanitia nyinyi! Nimewaambia naumwa, mnaniletea kahawa mpaka nyumbani! Mna akili kweli?”

“Yaishe, ndugu yangu. Msamehe Kombo. Yale aliyoyasema juu ya binti yako yalimtoka tu. Na sisi tuliocheka tumekosa.”

Nyuma ya Makame, Kombo aliinamisha kichwa.

“Alisema nini?” aliuliza Shaali.

Makame alimimina kahawa, akamnyooshea kikombe. Moyo wa Shaali ulikuwa unakwenda mbio, na hakuwa ameonja hata tone.