Kabla Dume Hajaamka

Daktari wa mifugo aliushika mguu wa nyuma wa mbwa dume aliyelazwa kwa dawa, akauzungusha taratibu. Puseletso, mwenye mbwa, aliweka kiganja kwenye nyonga. Alihisi mkwaruzo, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka.

"Gegedu limelika," daktari alisema, akionyesha picha ya eksirei. "Nyonga zililegea tangu akiwa mdogo. Sasa mfupa unasaga mfupa."

"Na watoto wake?"

"Wengi watarithi."

Kaka yake Puseletso, mshirika wake katika ufugaji, aliguna. Nje, kwenye gari lake, kulikuwa na jike aliyeletwa kupandwa siku hiyohiyo.

"Nani hununua mbwa kwa kutazama mifupa? Akiamka tunampandisha. Hiyo picha ichane."

Puseletso alimgeukia dume mezani. Asubuhi hiyo alikuwa amemnyanyua dume huyo kwa mikono miwili ili asimame, naye akamlamba kidevu huku akitetemeka.

"Daktari, bado amelala vizuri?"

"Fofofo."

"Basi mhasi. Sasa hivi."

"Una wazimu wewe!" kaka alifoka. "Unakata ukoo wa mbwa aliotuachia baba!"

"Baba alifuga mbwa wa kulinda ng'ombe, kaka. Hakufuga wa kubebwa."

Akaivuta fomu ya idhini ya upasuaji, akatia saini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Kisha akasimama kati ya kaka yake na meza, mikono kiunoni.

"Haya, nisogeze kama unaweza."

Nyuma yake, mashine ya daktari ya kunyolea manyoya ilianza kunguruma.