Tonge la Jioni ya Ishirini

Transfoma ya mtaa iliungua, na kwa siku kumi na tisa nyumba ya Shaame ilikaa gizani. Siku ya kwanza, kwa kuwa televisheni haikuwaka, aliingia jikoni akaketi mkekani kula na mkewe Raya na binti yao Salha. Tangu jiko lilipomlipukia Raya mwaka uliopita na kumuunguza nusu ya uso, Shaame hakuwa amekula naye hata mara moja.

Jikoni palikuwa na mshumaa mmoja tu, na Raya aliuweka nyuma yake. Gizani Shaame alikuwa yule yule wa zamani. Alimtania, alimchambulia miiba ya samaki, akamlisha kwa mkono wake. Raya akaanza tena kujipaka wanja.

Jioni ya ishirini, Shaame alikuwa amemnyooshea tonge mkewe taa ilipowaka ghafla juu yao. Mtaa mzima ulilipuka kwa vigelegele. Raya alikuwa ameshafungua mdomo.

Shaame alimtazama, kisha akalirudisha tonge kwenye sinia.

“Nimeshiba,” alisema. Akanawa, akaenda sebuleni. Televisheni ikasikika.

“Baba, rudi! Hujamaliza,” Salha aliita.

“Mwambie mama yako azime taa kwanza,” alijibu kwa upole kabisa. “Nitakuja.”

Raya aliinuka polepole, akajifuta mkono kwenye kanga, akausogelea ukuta. Kidole chake kikatua juu ya swichi, na mtoto akawa anamtazama usoni, akisubiri.