Kopo Ndani ya Buti

Zachariah alizamisha mkono hadi kiwiko ndani ya buti la mpira, akalivuta kopo lake, akafungua kontena la chakula cha mchana na kunyunyiza. Mara moja, mara mbili, mara tano. Kisha akalirudisha kopo gizani na kusimama wima kama mtu aliyetoka kusali.

Jikoni mkewe, Nyokabi, alikuwa anasaga. Kila siku kusaga! Karoti zilizokaushwa, vitunguu, selari, uyoga aliouokota mwenyewe msituni wakati wa vuli. Tangu Januari alitia na binzari, eti unga upendeze. Akaujaza kwenye chupa ya kioo, akaandika tarehe, akaiweka rafuni kama kikombe cha ushindi.

“Baba Noah, chakula umebeba?”

“Nimebeba nyasi zako. Basi likizima njiani, nitalilisha.”

Nyokabi alicheka kidogo, akaendelea kusaga.

Desemba, daktari wa kituo cha afya alimpima Zachariah presha akakunja uso: mia na hamsini na nane kwa tisini na nane. Tujaribu chakula kwanza, alisema. Chumvi iishe, viungo vya kiwandani viishe. Isiposhuka kufikia Machi, hatatia sahihi cheti cha udereva. Bila cheti hakuna basi, na Zachariah alikuwa ameendesha basi la Botkyrka, kusini mwa Stockholm, miaka kumi na tisa. Kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Akaapa mbele ya daktari na mbele ya mkewe kwamba chumvi ameiacha, kisha akanunua kopo la chumvi ya viungo, ile ya manjano, siku hiyohiyo, kabla hajafika nyumbani mtaani Alby.

Kwani mwanamume gani huongozwa na chupa? Watu wamepanda ndege wakaja nchi ya mashine, nchi yenye kiwanda cha kila kitu, halafu msomi mzima wa digrii anapika sabuni kwenye sufuria! Siki ya madirisha. Magadi ya kusugulia sinki. Maganda ya limau yamelowekwa wiki mbili, yanasubiriwa. Yanasubiriwa yafanye nini? Dukani dawa ya sinki ipo, na imechorwa sinki juu yake ili hata mjinga asikosee.

Ijumaa ndiyo ilikuwa sikukuu ya ujinga wake. Barabara za Stockholm humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi huacha mistari myeupe viatuni. Basi Nyokabi hupiga magoti kwenye korido na bakuli la siki, akafuta jozi moja baada ya nyingine, hata zile zisizovaliwa. Zachariah alimpita akimcheka kimoyomoyo. Pua kwenye siki, macho kwenye siki. Kopo liko shibiri moja kutoka mkono wake, na hana habari!

Na kopo lenyewe lilimzidishia imani. Halikuisha. Chupa za Nyokabi ziliisha wiki hadi wiki, ingawa nyumba ilikuwa na watu wawili tu tangu mwana wao Noah aende chuoni. Kopo la kiwandani, miezi mitatu, bado lilikuwa linatoa. Hata ladha walikuwa wameirekebisha. Mwanzoni lilichoma ulimi, baadaye likatulia. Watu wa kiwandani, alijiambia, wanajua kipimo.

Alhamisi moja ya Machi daktari alimfunga mkanda mkononi, akatazama mashine, akafunga tena. Mia na thelathini na mbili kwa themanini na mbili.

“Bra jobbat,” kazi nzuri, akasema, na kutia sahihi.

Jioni hiyo Zachariah alimwalika Bravin, dereva mwenzake, aje ale kuku. Bravin alifuta sahani kwa chapati ya mwisho, akamgeukia mwenye jiko.

“Shemeji, huyu umemwokoa. Mke wangu Jennifer atakuja na daftari, umwandikishe hizo dawa zako.”

Moto ukamwakia Zachariah. “Amemwokoa nani?”

Akaenda kwenye korido, akarudi ameficha mkono mgongoni, akaligongesha kopo katikati ya meza.

“Mwokozi ni huyu hapa! Kila asubuhi, miezi mitatu, mara tano tano. Nimelamba chumvi kama ng'ombe, na presha imeshuka. Sasa niambie, Mama Noah, nyasi zako zimefanya nini?”

Bravin alilichukua kopo, akalitikisa sikioni.

“Ndugu yangu, kopo moja tu? Miezi mitatu?”

“Moja tu! Vitu vya kiwandani vina baraka. Si kama huu uchawi wa chupa.” Akainyakua chupa rafuni, akaifungua, akaigeuza juu ya pipa la taka na kuipiga kitakoni mpaka vumbi la manjano likapaa hadi kwenye taa. “Kuanzia leo nyumba hii inakula chakula cha watu.”

Bravin aliangalia sahani yake, ingawa haikuwa na kitu. Nyokabi alijikung'uta unga kwenye mikono, akachungulia pipani, akatikisa kichwa polepole.

“Ungenibakizia hata vijiko viwili, Baba Noah,” akasema. “Kesho ni Ijumaa. Sasa hilo kopo la kwenye buti nitalijaza nini?”