Alama Ukutani

"Barabara mpya tukiipinda mita nne tu, duka lako linapona," mhandisi alimnong'oneza meya, kidole juu ya ramani. "Nani atajua?"

Meya aliliangalia duka lake la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameuza misumari hapo miaka ishirini na sita kabla watu wa mji hawajamchagua. Nyuma yake walisimama majirani, ambao kuta zao zilikuwa zimeshachorwa alama ya kubomolewa tangu asubuhi.

"Nipe hiyo brashi," alimwambia kibarua aliyeshika kopo la rangi.

Rangi nyekundu ilimchuruzikia mpaka ndani ya mkono wa shati alilovaa siku ya kuapishwa. Alama ya X ikatoka ndogo ukutani mwa duka lake, ya kinyonge.

Mkewe alitoka dukani, bunda la funguo mkononi. Ndiye aliyelishika duka tangu mumewe aingie siasa. Aliitazama ile alama, akawatazama majirani, kisha akainua kidevu.

"Sasa hiyo nani ataiona, Baba Watoto?" alisema kwa sauti. "Chovya tena. Chora waione mpaka kule sokoni!"