Mkufu wa Adabu

Siku hizi kiziwi haajiriwi bila mkufu. Mkufu huo wa shingoni husoma ishara za mikono yake na kumsemea kwa sauti laini iliyochaguliwa na Shirika la Kauli Sawa, na anayeuvua hata nyumbani hana kazi. Mkurugenzi wa shirika hilo, aliyenenepa kwa jina la viziwi bila kujifunza hata ishara ya maji, alikuja na mpiga picha mpaka jikoni kwa Mghoi.

"Dada, maisha sasa yanaendaje?"

Mghoi alimsoma midomo, akamjibu kwa mikono kwamba yeye ni mnafiki anayekula jasho la wenzake.

"Nashukuru kwa ushirikiano wenu," mkufu ukasema.

Nyuma ya mkurugenzi, Wakesho, binti mdogo wa Mghoi, alikuwa anaisogelea sufuria ya uji unaotokota. Hakujua ishara hata moja, maana mkufu ulimsemea mama tangu azaliwe. Mghoi akarusha mikono: toka hapo, utaungua!

"Samahani mpenzi, ningependekeza usogee kidogo."

"Sikieni upole huo," alisema mkurugenzi, akimshika Mghoi bega asiharibu picha.

Wakesho akamtabasamia mama yake, asiyewahi kumkemea, akanyoosha mkono.