Gego la Kushoto

"Ng'ata," fundi alisema. "Ng'ata kama una ugomvi nalo."

Msichana akang'ata. Kibao cha chuma kilichovalishwa mpira kikabanwa na magego, namba zikapanda kwenye kioo cha mashine, zikatulia.

"Sitini na mbili! Simba wewe!" Fundi akacheka. "Karani, andika. Gego la kushoto, kilo sitini na mbili."

Karani akaandika, akavunja ncha ya penseli. Alikuwa mke wa fundi huyo mwaka wa kumi na moja, na hajawahi kuitwa simba hata siku moja. Hata paka.

Wiki tatu sasa, kwa utafiti wa daktari mkuu, walikuwa wakipima nguvu ya kutafuna ya vijana arobaini wa chuo, jino moja baada ya jingine. Walianza na meno ya mbele, wakaenda kwenye chonge, kisha magego ya kulia. Leo ilikuwa zamu ya kushoto. Vijana thelathini na tisa walikuwa namba tu. Wa arobaini ndiye huyu, mwenye jina la utani.

Na salamu zake! "Shikamoo, mama," humwambia karani kila akiingia. Kisha humgeukia fundi: "Mambo, kaka?"

Kaka! Fundi alimzidi mkewe miaka sita, na kipara juu yake.

Jana jioni daktari mkuu alimwita fundi ofisini, na tangu hapo mtu hashikiki. Asubuhi kaamka na mluzi, kanyoa ndevu, kapiga pasi shati mwenyewe.

"Una nini leo?" mkewe alimuuliza.

"Furaha tu, mke wangu. Kwani inalipiwa ushuru? Nitakwambia jioni."

Sasa, mbele ya macho yake, mumewe aliinama akamnong'oneza msichana kitu.

"Kweli, kaka?" Msichana akapiga makofi. "Basi tutakumbukana!"

Karani akachonga penseli mpaka ikabaki nusu.

Fundi akatoka kwenda kuosha kibao bombani, msichana akamfuata akicheka. Karani akabaki na fomu. Ukutani palikuwa na tangazo alilolibandika yeye mwenyewe: wenye meno mabovu hawapimwi, waende zao wakatibiwe.

Akalisoma mara mbili. Akachukua kifutio.

Sitini na mbili ikawa kumi na mbili, nguvu ya jino bovu.

"Safari njema, Simba," akasema kimoyomoyo, akapeleka fomu ofisini kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo.

Saa nane mchana daktari mkuu akaingia na lile bunda la fomu. Vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, fundi amesimama karibu na mashine.

"Jana nilimwambia fundi peke yake, leo nawaambia wote," daktari alisema. "Nilidhani tutakaa miezi mitatu, lakini nimeshapata nilichotaka. Tumemaliza. Asanteni, nendeni, na msirudi hapa mpaka muumwe."

Wakacheka, wakaanza kuinuka.

"Isipokuwa wewe." Alimnyooshea Simba kidole. "Kulia kilo sitini, kushoto kumi na mbili, na nilikukagua mwenyewe, huna jino lenye hata doa! Miaka ishirini natafuta mdomo wa namba kama hizi."

Fundi akafungua kinywa. Akamtazama mkewe. Akakifunga.

"Utakuja kila asubuhi kwa miezi sita," daktari akamwambia msichana, "na fundi atakupima hapahapa. Na wewe, Bi Karani, umetufanyia kazi safi, Mungu akuzidishie. Kesho pumzika nyumbani. Kwa mdomo mmoja, hawa wawili wanatosha."