Faili Moja la Vituo Vyote

"Futa hiyo kompyuta kuukuu twende chai," meneja wa kiwanda cha majani ya chai akasema.

"Ngoja kidogo, mzee. Nijaribu kwanza kufungua nakala."

"Si uliibana mwenyewe, Nyakerario?"

Aliibana, ndiyo. Rekodi za wakulima wote wa Ikonge alizishindilia katika faili moja ili zienee kwenye diski. Angekipa kila kituo cha kukusanyia majani faili lake, moja likiharibika mengine yangepona.

Mstari wa kijani ulitambaa hadi katikati ya kioo, ukaganda. Maandishi yakatokea: faili limeharibika.

Rekodi zisizoharibika sasa zilikuwa ndani ya kompyuta ile kuukuu tu.

"Nyinyi wa diploma mnaogopa hata kitufe," meneja akacheka, akanyoosha kidole kuifuta mwenyewe.

Nyakerario akamkamata mkono.